Bourgogne au Quercy kwa baiskeli ya changarawe: anza na mwamba, vijiji vitafuata

Ufaransa ina chama cha vijiji vyake vizuri kuliko vyote, Les Plus Beaux Villages de France, kilichoanzishwa mwaka 1982 kwa juhudi za meya wa Collonges-la-Rouge, kijiji cha mawe mekundu huko Corrèze. Kijiji kikitaka kuingia, sharti kiwe na wakazi wasiozidi 2,000 na angalau majengo au maeneo mawili yanayolindwa kisheria. Leo orodha imepita vijiji 170. Kwa hiyo anayepanga safari ya baiskeli kwa kuuliza "kijiji kipi ni kizuri zaidi" atazunguka na picha mpaka likizo iishe. Kila mkoa una vyake, na kila kimoja kimeshapigwa picha jua likizama.

Ushauri wangu ni kuchagua mwamba kwanza. Aina ya jiwe lililo chini ya njia ndiyo inayoamua kama utachafuka kwa tope au kwa vumbi jeupe, maji utayapata wapi, tairi gani ifungwe, vilima vitakuwa vya namna gani, na hata kama kijiji kimekaa bondeni au kimeng'ang'ania jabali. Hapa naweka maeneo mawili ubavu kwa ubavu. La kwanza ni Bourgogne, kusini-mashariki mwa Paris. Kitovu chake kwa mpanda baiskeli ni Morvan, vilima vya graniti na misitu, vikizungukwa na ardhi ya malisho na vijiji vya kale, hasa ile iitwayo Auxois. La pili ni Quercy, kusini-magharibi, nchi ya chokaa iliyolala kati ya mto Dordogne na mto Lot. Kuna la tatu, Cévennes, milima ya kusini mwa Ufaransa, nitakaloligusa kwa wenye miguu ya kazi.

Kwa asiyeizoea, baiskeli ya changarawe ina usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano, ila tairi zake ni nene na fremu ina nafasi ya kufunga mikoba. Afrika Mashariki wengi wameijua kupitia Migration Gravel Race ya Maasai Mara. Ufaransa njia zake za vumbi zilipata jina kubwa Julai 2024, Tour de France ilipopitisha hatua ya tisa, Troyes hadi Troyes, kwenye vipande 14 vya njia nyeupe za Champagne, jumla kilomita 32.2. Anthony Turgis alishinda siku ile, na jezi ya kijani ya mwaka huo, ya mwenye pointi nyingi zaidi, ikaenda kwa Biniam Girmay wa Eritrea. Njia za aina hiyo ziko karibu kila wilaya ya mashambani. Nyingi ni za kijiji na ziko wazi kwa umma, na ramani za IGN, idara ya ramani ya Ufaransa, za kipimo cha 1:25,000 zinazionyesha mpaka kichochoro cha mwisho. Ukikuta kibao cha Propriété privée (mali ya mtu binafsi), geuza.

Morvan: maji juu ya ardhi

Morvan haina mlima wa kutisha. Kilele chake, Haut-Folin, kina mita 901 tu. Kinachochosha ni kukosa tambarare: unateremka kwenye kijito, unapanda msituni, unateremka tena, na siku inakwisha hivyo. Bahati nzuri njia nyingi zilichongwa kwa ajili ya malori ya magogo, kwa hiyo ni pana na hazipandi kwa ghafla. Graniti iliyochakaa imeacha mchanga mgumu ambao ukikauka unapitika vizuri mno, tairi inasikika ikisaga taratibu na mwendo haukatiki.

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, unahitaji subira. Graniti hainywi maji. Yanabaki juu, yanakuwa chemchemi, madimbwi na vinamasi, na palipopita trekta la magogo panageuka mitaro ya tope inayomeza nusu ya gurudumu. Machi na mwanzo wa Aprili sikushauri kabisa. Jambo lingine la kujua mapema ni kwamba msitu wote si wa asili. Sehemu kubwa ya miti ya majani mapana ilikatwa ikapandwa misonobari ya Douglas, na Morvan inajulikana Ufaransa nzima kwa kulima miti ya Krismasi. Vipande hivyo vya misonobari mimi sivipendi: giza, safu zilizonyooka, ndege hakuna. Panga njia yako ipite kwenye mialoni na mibuki kadiri uwezavyo, na ramani ya picha za angani itakusaidia kutofautisha.

Miti na maji ndivyo vilivyoifunga Morvan na Paris. Kwa karne kadhaa kuni za jiji hilo zilitoka huku. Magogo yalitupwa kwenye vijito, yakaelea hadi mto Yonne, na Clamecy yakafungwa pamoja kuwa machelezo makubwa yaliyoshuka na mto Seine mpaka mjini. Lac des Settons, ziwa ambalo sasa watu hukodi mitumbwi na kuota jua, ni bwawa lililojengwa katikati ya karne ya 19 ili kuachia maji ya kusukuma magogo hayo. Njia inayolizunguka ni nyepesi, na ukiwa na watoto ndipo pa kuanzia.

Kusini zaidi, juu ya Mont Beuvray wenye mita 821, palikuwa na Bibracte, mji mkuu wa kabila la Aedui. Mwaka 52 KK ndiko chifu Vercingétorix alikothibitishwa kuongoza makabila ya Gallia, Ufaransa ya kale, dhidi ya Julius Caesar wa Roma. Mji uliweza kukaa juu ya mlima kwa sababu mlima wenyewe unatoa chemchemi, na hilo nitalirudia tukifika Quercy. Kupanda Beuvray kwa baiskeli ni kazi ya kweli, mwishoni mizizi na mawe yatakushusha, lakini chini yake kuna makumbusho mazuri na juu kuna mibuki mizee yenye matawi yaliyosokotana.

Chokaa ya Quercy: maji chini ya ardhi

Aliyekulia Makunduchi au Jambiani, kwenye uwanda wa mawe ya matumbawe ambako udongo ni haba na mvua hupotelea mapangoni, ataielewa Causse de Gramat bila kuelezwa. Causse ni jina la nyanda za chokaa za kusini mwa Ufaransa. Maji yanapenya kwenye nyufa, yanachimba mashimo na mito ya chini kwa chini, kisha yanatokea kama chemchemi kando ya mabonde. Juu kunabaki mialoni mifupi, mireteni, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na vibanda vya wachungaji vilivyoezekwa kwa mawe hayohayo. Gouffre de Padirac, shimo kubwa ambalo chini yake watalii hupanda mashua kwenye mto uliofichika, liko pembezoni mwa nyanda hiyohiyo.

Kwa tairi, maana yake ni hii: njia inakauka haraka. Mvua ya usiku, saa nne asubuhi unaendesha juu ya vumbi jeupe. Ndiyo maana Quercy inafaa hata Machi au Novemba, wakati Morvan imelowa. Ubaya wake ni makali ya mawe. Chokaa iliyovunjika inakata ubavu wa tairi, na pancha ya ubavuni haizibwi na kiraka cha kawaida. Funga tairi zisizo na tyubu, upana wa milimita 45 ukiweza, zenye ubavu mgumu, na ubebe tyubu moja ya akiba hata kama una gundi ndani. Kwa Morvan milimita 42 zenye meno zinatosha. Kwenye mfereji wa Bourgogne hata 35 zinakupeleka.

Mpando nao ni wa aina nyingine. Ukiwa juu ya causse, unakimbia tambarare kwa muda mrefu, hata unasahau kuwa uko juu. Kisha nyanda inakatika na mto uko chini kabisa. Unateremka kwa kona za mfululizo, unanunua mkate kijijini, halafu unapanda ukuta wa upande wa pili. Miteremko mifupi, mikali, miwili au mitatu kwa siku. Mwenye goti bovu atapendelea Morvan, ambako uchungu unagawanywa kwa uwiano. Kwa vyovyote chagua gia ndogo, ile ambayo sahani ya mbele haizidi meno ya gurudumu la nyuma, kwa sababu mikoba ina uzito wake na hakuna anayekukimbiza.

Maji ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, nami nalitilia mkazo kwa sababu wageni wengi hulipuuza. Mwaka 51 KK, baada ya Vercingétorix kushindwa, kundi la mwisho la Wagallia lilijifungia Uxellodunum, ngome ambayo wataalamu wengi huiweka Puy d'Issolud, karibu na Vayrac, kaskazini mwa Quercy. Caesar hakuivunja kwa mapanga. Askari wake walichimba mahandaki mpaka wakaikata chemchemi iliyowanywesha waliomo, na ngome ikasalimu amri. Waliokuwa wameshika silaha aliwakata mikono. Nchi hii bado ni ileile. Julai, juu ya causse, unaweza kwenda saa mbili bila bomba wala kijito, na kivuli ni cha kuhesabu. Beba lita tatu. Morvan lita moja inatosha, maana kila kitongoji kina maji.

Kuna mbinu moja inayofanya kazi kote Ufaransa, ingawa kwetu itawafanya wazee wakutazame vibaya: maji ya kunywa hutafutwa makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi yenye bomba la kumwagilia maua, na mara nyingi maji yake ni ya mjini. Soma kibao kwanza. Eau potable, jaza chupa. Eau non potable, nawa uso tu.

Vijiji vyenyewe

Hapa lazima niseme ukweli ambao vipeperushi vya utalii vya Bourgogne haviusemi: ndani ya Morvan hakuna vijiji vya kuduwaza. Ardhi ya graniti ni maskini, maji yako kila mahali, kwa hiyo watu walijenga vitongoji vidogovidogo vilivyotawanyika, nyumba za kijivu zisizo na mapambo. Katika karne ya 19 wanawake wengi wa huko walikwenda Paris kunyonyesha watoto wa matajiri, na fedha walizorudi nazo zilijenga baadhi ya nyumba unazoziona. Vina heshima yake, ila havitajaza simu yako picha.

Utajiri uko pembeni. Vézelay imekaa juu ya kilima chake kaskazini-magharibi, na unaiona kwa saa nzima kabla hujaifikia. Basilika ya Sainte-Marie-Madeleine iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1979. Hapo ndipo mtawa Bernard wa Clairvaux alipohubiri Vita vya pili vya Msalaba, tarehe 31 Machi 1146, na hapo ndipo inapoanza mojawapo ya njia nne kuu za hija kwenda Santiago de Compostela, Uhispania. Ukiwa huko karibu na tarehe 21 Juni, ingia ndani jua likiwa utosini: mwanga wa madirisha ya juu hushuka ukajipanga katikati ya sakafu kwa mstari mmoja kuelekea altareni. Wajenzi walijua walichofanya.

Upande wa mashariki, kwenye Auxois, unapata mfululizo ambao kwa siku mbili za baiskeli sijui pa kuufananisha. Abasia ya Fontenay, iliyoanzishwa na huyohuyo Bernard mwaka 1118, imejificha kwenye bonde la msitu karibu na Montbard, na karakana ya chuma ya watawa bado imesimama. Semur-en-Auxois ina minara minne ya duara juu ya jabali la graniti la rangi ya waridi, mmoja una ufa mrefu unaokufanya ujiulize mara mbili. Alise-Sainte-Reine ndiyo Alésia, aliposhindwa Vercingétorix, na sanamu yake kubwa iliyosimamishwa mwaka 1865 kwa amri ya Napoléon III inatazama bonde. Flavigny-sur-Ozerain iko kilima cha pili, na harufu ya peremende za anisi, zinazotengenezwa ndani ya abasia ya zamani, inakupokea langoni. Kati ya kijiji na kijiji ni malisho, ng'ombe weupe wa Charolais na njia za chokaa.

Anayetaka haya bila jasho ashike Mfereji wa Bourgogne, kilomita 242 kutoka Migennes hadi Saint-Jean-de-Losne, wenye malango 189 ya kupandisha na kuteremsha mashua. Ulifunguliwa kwa urefu wake wote mwaka 1832. Njia ya kando, walikopita farasi wakivuta mashua, ni tambarare na imeshindiliwa. Kwa siku moja ni raha. Kwa siku tatu unaanza kusema na bata.

Quercy inashinda kwa vijiji, na sababu ni ileile ya maji. Watu walikaa pale chemchemi zinapotokea, kwenye mabonde membamba na juu ya majabali yanayoyalinda, na wote walijenga kwa jiwe moja la rangi ya asali. Rocamadour imebandikwa ukutani mwa korongo: nyumba, juu yake makanisa, juu yake ngome. Mahujaji walipanda ngazi zake 216, wengine kwa magoti, kwenda kwa sanamu ya Bikira Maria Mweusi. Usiiingie na baiskeli saa sita mchana mwezi Agosti. Fika mapema kupitia L'Hospitalet upande wa juu, ambako mandhari yote unayapata bila kusukumana. Saint-Cirq-Lapopie inaning'inia juu ya mto Lot namna hiyohiyo, na chini yake kuna njia ya kuvutia mashua iliyochongwa ndani ya jabali. Ni nyembamba na ina watembea kwa miguu wengi, shuka usukume.

Lakini kama ningelazimika kuchagua bonde moja, ningechagua la Célé. Ni mto mdogo unaoingia Lot, wenye majabali ya chungwa pande zote na vijiji visivyo na maduka ya zawadi: Espagnac-Sainte-Eulalie na mnara wake wa kengele wenye mbao, Marcilhac na abasia yake iliyobomoka nusu. Karibu na mwisho wake ni pango la Pech Merle, lililogunduliwa mwaka 1922, lenye farasi wa madoa waliochorwa maelfu ya miaka kabla ya kilimo. Hapa kuna hoja nzito ya kuipendelea Quercy. Lascaux, pango jingine la michoro lililo maarufu zaidi, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 na unachoingia leo ni nakala, ingawa nakala ya ustadi. Pech Merle unaingia pangoni penyewe, na idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, kwa hiyo tiketi ikatwe kabla.

Ukiwa na siku mbili za ziada, teremka na mto Dordogne. Kutoka Cazoulès, karibu na Souillac, njia ya baiskeli iliyotandikwa juu ya reli ya zamani inakufikisha Sarlat. Ni ya lami, lakini kifua kitashukuru. Mbele yake ngome za Beynac na Castelnaud zinatazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto, kama zilivyotazamana wakati wa Vita vya Miaka Mia kati ya Wafaransa na Waingereza. Hapo jirani ni Milandes, kasri ambalo Josephine Baker, msanii wa jukwaani mzaliwa wa Marekani, alilinunua mwaka 1947 na kulea humo watoto 12 aliowaasili kutoka nchi mbalimbali. Alilipoteza kwa madeni mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2021 Ufaransa ikamwingiza Panthéon, jengo la Paris wanamoenziwa mashujaa wa taifa, mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Kwa msomaji wa Afrika, naiweka ziara hii juu ya ngome zote mbili.

Kula, kulala, na Jumatatu

Kwenye chakula sina upande, ila wanaozingatia halali wajipange. Bourgogne huweka mvinyo kila mahali: nyama ya ng'ombe hupikwa ndani yake, na jibini ya Époisses huoshwa kwa pombe kali. Morvan mezani ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Quercy ni rahisi kidogo, kuna jibini ndogo ya mbuzi ya Rocamadour, njugu za jozi na mafuta yake, matikiti, na mwanakondoo wa causse, japo nyama ya halali hutaipata kijijini na bata hupikwa kwa mafuta yake mwenyewe. Njia nyepesi ni kulala kwenye gîte d'étape, nyumba za wasafiri zenye jiko la pamoja, na kupika unachokijua. Ziko nyingi zaidi Quercy, kwa sababu njia ya hija ya GR65 inapita Figeac na Cahors. Kote tafuta nembo ya Accueil Vélo, maana yake wana mahali salama pa kufungia baiskeli na zana za kurekebishia.

Saa za kijijini hazisubiri mtu. Mikahawa hupika saa sita hadi saa nane mchana, ukifika saa tisa utapewa kahawa. Jumapili jioni kumefungwa, na Jumatatu maduka mengi ya mikate hayafungui. Jumatatu katikati ya Morvan bila akiba begani ni njaa ya kujitakia. Ukiingia dukani, anza na bonjour kabla ya neno lolote. Kwetu hili halihitaji kufundishwa. Na tofauti na Paris, Kiingereza hakifiki mbali huku. Wasomaji wa Bukavu, Bujumbura au Goma wanaanza safari hii wakiwa mbele yetu sote.

Mwezi gani

Mei na Juni, popote. Julai na Agosti chagua Morvan: kuna kivuli, maziwa ya kuogelea, na watu wachache. Bonde la Dordogne miezi hiyo lina foleni za magari, na causse inachoma. Septemba na Oktoba chagua Quercy, jua limepungua makali na watalii wamerudi kazini. Morvan wakati huo inapendeza kwa rangi, ila misitu yake ina wawindaji. Msimu wa kuwinda huanza Septemba na kwa jumla huisha mwisho wa Februari, na wikiendi ndizo za msako wa nguruwe mwitu. Kibao cha Chasse en cours (uwindaji unaendelea) si pambo. Vaa rangi kali, simama uwasalimie, waulize wako upande gani. Quercy nako wanawinda, lakini macho yanafika mbali. Usiku nje ya makazi sheria inakutaka uvae fulana ya kuakisi mwanga.

Kwa wenye miguu

Cévennes na causse kubwa za jirani zake ni daraja jingine. Causse Méjean iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, wazi kama nyika, na huko Le Villaret farasi wa Przewalski wanafugwa tangu 1993. Mont Aigoual inapita mita 1,560. La Couvertoirade, kijiji chenye kuta kilichokuwa cha mashujaa wa Hekalu kabla ya kwenda kwa Wahospitali, mashirika mawili ya watawa wapiganaji wa enzi za Vita vya Msalaba, kinakufanya usahau umechoka. UNESCO iliitambua nchi hii mwaka 2011 kwa ajili ya wachungaji wake na njia zao za kuhamisha kondoo, ambazo ndizo utakazopita. Mipando ya saa nzima ni ya kawaida, na vuli huleta mvua zinazoweza kujaza mito kwa saa chache. Sikushauri iwe safari yako ya kwanza. Luberon ya Provence, ambayo kila mtu huitaja kwa maua yake ya lavenda, nimeiacha: majira ya joto misitu hufungwa siku za hatari ya moto, na upepo wa Mistral hauna urafiki na usukani.

Kufika

Anayetoka Afrika Mashariki ataanza na viza ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, kisha Paris. Kodi baiskeli mjini, maana vijijini za changarawe ni adimu.

Kwa Bourgogne, treni za mkoa, TER, hutoka Paris-Bercy kwenda Montbard, Auxerre na Avallon, na kwa kawaida hupokea baiskeli bila malipo mpaka nafasi ijae. TGV, treni ya mwendo kasi, hufika Montbard kwa kama saa moja, lakini si kila moja ina nafasi ya baiskeli. Isipokuwepo, unaivua magurudumu na kuitia kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90. Anzia Montbard, pita Fontenay, Semur, Vézelay, kisha ingia Morvan kwa Settons na Beuvray, na umalizie kituo cha Étang-sur-Arroux.

Kwa Quercy reli ni moja tu yenye maana, ya Paris-Austerlitz hadi Toulouse kupitia Limoges, nayo inakufaa mno kwa sababu inasimama Souillac na Cahors. Unashuka Souillac, unapita Martel, Rocamadour, causse na Célé, unapandia Cahors karibu na daraja la Valentré la karne ya 14. Safari ni zaidi ya saa tano. Ni treni za Intercités, na baiskeli lazima ikatiwe nafasi yake, euro 10, nafasi zenyewe ni chache kila treni na wikiendi za Mei huisha mapema. Kwa Quercy basi, kata kwanza nafasi ya baiskeli, kisha tarehe za ndege zifuate.